Nani Achukue Mtamba wa Rwegasira?

Sogeeni karibu, maana mwisho wa hadithi hii nitawaachia kazi.

Kijiji kimoja kilikuwa na vijana watatu. Asimwe alijua kutenganisha vitu, kila kimoja na kundi lake. Mugisha alijua kuvipanga, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Nkwera yeye alipenda kupima; jambo lisilo na namba halikumridhisha.

Mwaka mmoja watoto wakashikwa na kuhara. Mzee Rwegasira alikuwa ameshamzika mjukuu mmoja, na wa pili, Kemilembe, alilala macho yamedidimia. Akawaambia majirani, "Atakayenionyesha ugonjwa huu unatoka wapi, mtamba wangu ni wake." Hakuwa na ng'ombe mwingine.

Asimwe akapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanachota maji wapi. Wagonjwa wote walitoka katika nyumba zinazochota kwenye kisima cha bondeni. Waliochota kwenye kile cha mlimani walikuwa wazima.

"Mwanangu anakunywa hayohayo ya bondeni," Mama Byera akapinga, "na yule pale anacheza."

Rwegasira akanyong'onyea.

Mugisha akawaangalia watoto wa bondeni mmojammoja, akawapanga: wazima, wanaoumwa kidogo, wanaoumwa sana, mahututi. "Hawaumwi sawa," akasema. "Kuna kitu kinachowatofautisha." Kitu gani, hakujua.

Nkwera akawauliza akina mama kila mtoto alikuwa akinywa vikombe vingapi vya maji kwa siku kabla ya ugonjwa kuingia. Namba zake peke yake hazikusema lolote. Alipoziweka sambamba na mpangilio wa Mugisha, zikapanda pamoja: aliyekunywa zaidi ndiye aliyezidiwa zaidi. Mtoto wa Mama Byera alikuwa akishinda na maziwa, maji akiyaonja tu.

"Basi ni maji," Mama Byera akasema taratibu.

Kisima kikafungwa. Kemilembe akapata nafuu, akaomba uji.

Rwegasira akamfungua mtamba, kisha akasimama na kamba mkononi.

"Bila mimi mngeanzia wapi?" Asimwe akauliza.

"Wewe ulishapingwa," Mugisha akasema. "Mimi ndiye niliyeonyesha kwamba bado kuna la kutafuta."

"Na aliyelipata ni mimi," akasema Nkwera.

Mzee akawatazama wote watatu. Akimpa mmoja, amewadhulumu wawili. Asipompa yeyote, amevunja ahadi. Na mtamba hagawanyiki akabaki hai.

Haya, wenzangu, kamba ile ingekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?