Mkono wa Sorcha

Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wengi hudhani ni methali ya wavivu. La hasha. Hata mama mchapakazi, mwenye mapenzi tele moyoni, huweza kuchelewa akiwa palepale nyumbani kwake.

Bairbre alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kale huko Konemara, pwani ya mbali ya kaskazini, sauti yake nyororo kama hariri. Hakuhitaji ngoma wala zeze. Alifumba macho, jirani akamshika mkono na kuuzungusha polepole mpaka wimbo uishe. Na kama ilivyo desturi ya kwao, mwimbaji wa heshima haimbi kwa kuombwa mara moja. Hukataa, akasingizia mafua. Huombwa tena, akakataa tena. Mpaka abembelezwe ndipo akubali.

Kosa lake ni kuileta desturi hiyo jikoni kwake.

"Mama, nifundishe ule wimbo wa bibi," alisema bintiye Sorcha, akimenya viazi.

"Leo koo limekauka. Siku nyingine."

Sorcha aliomba tena majira ya kuvuna mwani.

"Nenda huko! Wimbo ule mzito, utakuvunja mgongo," Bairbre alimtania, huku moyoni akisema, aniombe mara moja tu zaidi, nitampa wote.

Lakini mtoto hambembelezi mamaye kama mgeni karamuni. Akiambiwa hapana, husikia hapana. Sorcha hakuomba tena. Kazi zikiisha, akawa anakwenda kwa Peige, mjane wa jirani, mwenye sauti ya kukwaruza kama bawaba kavu, ila hakuwahi kumnyima mtu wimbo.

"Binti yako ameota mizizi kwa Peige," mumewe Máirtín alimwambia Bairbre.

"Atarudi. Maji hufuata mkondo."

Miaka ikayoyoma. Siku ya harusi ya Sorcha, wageni walimwomba aimbe. Akakataa, akabembelezwa, akainuka. Akafumba macho, akanyoosha mkono ili ashikwe. Bairbre alikwisha kufuta viganja kwenye aproni, akasogea, mkono mbele.

"Shangazi Peige," akaita Sorcha, macho bado yamefumbwa. "Uko wapi? Nishike."

Peige alisita, akamtazama Bairbre kwa haya, kisha akaenda kumshika. Wimbo ulikuwa wa Peige, na kila mpindo wa sauti ulikuwa wa Peige. Bairbre akaurudisha mkono wake chini ya aproni, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Wageni walipotawanyika, alimfuata bintiye mlangoni.

"Kaa kidogo, mwanangu. Nikupe ule wa bibi yako. Wote."

"Mama jamani, meli ya kutuhamishia Boston, ng'ambo ya bahari, haitungoji." Akambusu shavuni, bila kinyongo chochote. "Siku nyingine."

Bairbre akarudi jikoni, akauimba wimbo ule mwanzo hadi mwisho, mbele ya maganda ya viazi, mkono wake ukining'inia bila wa kuushika. Mama mwenzangu, mtoto akikuomba, mpe angali anaomba. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.