Chupa ya Chai Mlangoni

Wapendwa, fungeni vitabu kidogo mnisikilize. Nawapa mfano. Na kwa kuwa nawajua, natangulia kusema: nimeutunga mwenyewe, msije mkatoka hapa mkaanza kuulizana ni hospitali gani na ni mke wa nani.

Alikuwapo muuguzi wa wodi ya wazazi, mwenye huruma hasa, mgonjwa akilia naye machozi yanamlengalenga. Siku hiyo alikuwa na mzazi mmoja kijana, uchungu umemshika tangu alfajiri na hausogei. Mzazi yule alikwisha kumpoteza mtoto wa kwanza kwa uchungu wa kukawia namna hiyo hiyo. Mnaelewa hofu aliyokuwa nayo? Kila akiguswa tumbo anauliza, "Dada, moyo wake bado unapiga?"

Daktari akaja, akapima, akasema, "Sista, huyu tumwekee dripu ya kuongeza uchungu. Naenda kuiandaa." Akatoka.

Hapo mzazi akamshika muuguzi mkono, akamvuta karibu. "Dada, nina neno. Lakini niahidi kwanza, hutamwambia mtu."

Na muuguzi wetu, kwa huruma zake, akajibu palepale, "Nakuahidi, mdogo wangu. Siri yako ni siri yangu."

Jamani! Ameahidi kabla hajasikia! Kauziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa hiari yake.

"Saa ya chakula mama mkwe aliniletea chupa ya chai," mzazi akanong'ona. "Haikuwa chai, dada. Ni dawa ya mizizi, ya kuharakisha uchungu. Nimeinywa yote. Amesema nikimtaja, nyumbani kwake nisirudi. Umeniahidi, dada."

Muuguzi alijua, kama wauguzi wote wanavyojua, kwamba dawa ile ikikutana na dripu mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, wakaondoka wote wawili, mama na mtoto. Na viatu vya daktari vilishasikika kwenye korido.

Sasa nawauliza, ninyi mngefanyaje? Siku ya mahafali alisimama mbele ya wazazi wake, mshumaa mkononi, akala kiapo kwamba siri za mgonjwa atazitunza. Leo ameongeza na neno lake juu. Akinyamaza, si ndiye mwaminifu? Akisema, binti wa watu anakosa pa kulala. Naona mama mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Tikisa, mama, lakini dripu inakuja.

Daktari akaingia, akatundika dripu. Akautafuta mshipa, akaupata, akapitisha pamba mkononi. Daktari akachukua sindano.

"Daktari, ngoja!"

"Ningoje nini, sista?"

Muuguzi akamwinamia mgonjwa. "Mdogo wangu, nilikosa kukuahidi kabla sijakusikia. Nisamehe. Lakini neno hili siwezi kumficha daktari, litakuua wewe na mwanao. Sema mwenyewe, au niseme mimi ukinisikia. Ila halitoki kwenda kule nje. Hilo nalishika."

Mzazi akageukia ukutani. "Umenidanganya, dada. Umenidanganya."

Neno hilo lilimchoma muuguzi, na alistahili limchome. Akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, yale tu yaliyompasa daktari kuyajua. Daktari hakufoka. Aliitungua dripu, akamwita muuguzi wa pili, ikatolewa nje.

Na haukupita muda, mizizi ikaamka. Hata bila dripu, uchungu ulikuja kwa kishindo, na moyo wa mtoto ukaanza kulegea. Wakamkimbiza mzazi chumba cha upasuaji. Mtoto akatolewa kimya. Akina mama, mnakijua kimya kile. Kisha akalia! Mama mzima, mtoto mzima.

Muuguzi akatoka kupeleka habari. Mlangoni pa wodi amesimama mama mkwe, chupa ya chai ameikumbatia kifuani.

"Mwanangu, dripu nimeiona inaingia, kisha ikatoka. Nani kasema? Kasema nini?"

Ulimi ulimwasha muuguzi, msidanganyike. Mabenchi yamejaa watu. Neno moja tu, na yule mama asingepita tena mtaani kwao. Muuguzi akajibu, "Mama, ya wodini hubaki wodini. Umepata mjukuu wa kiume, na mkweo mzima."

Mama yule akakaa sakafuni palepale, akaangua kilio. "Nilijua," akasema. "Dripu ilipopita mbele yangu nilijua itawaua. Jirani yangu alikufa hivyo hivyo. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, mwanangu. Nikaogopa aibu. Nikasimama tu."

Mnasikia, wapendwa? Dawa ile aliichemsha kwa mapenzi, asije akamzika mjukuu wa pili. Na neno la kumwokoa alikuwa nalo. Akasimama nalo mlangoni.

Najua ninyi nyote, tangu nilipoanza, mmekaa kwenye nafasi ya muuguzi. Nafasi nzuri ile! Lakini sisi, tukisema kweli, tuko na yule mama pale mlangoni. Tunajua binti wa nyumba ya pili anapigwa, tunasema mambo ya ndoa hayo. Tunajua dereva wa basi la shule anaendesha amelewa, na watoto wetu wamo ndani, tunasema tusimharibie riziki. Hiyo tunaiita kutunza siri. Ila mwenzetu akipimwa, majibu yakawa mabaya, jua halizami mtaa mzima haujajua! Penye uhai tunafunga mdomo, penye aibu ya mtu tunaufungua. Muuguzi yule alimwambia mmoja tu, aliyeweza kuokoa, na mabenchi yale yote yakakosa cha kusimulia.

Ndugu yangu, hapo ulipo una neno umelikumbatia kifuani. Ni la nani, unajua. Wa kumwambia ni nani, unajua pia. Na dripu imeshapita mbele yako. Weka chupa chini, ufungue mlango.