Kundi la Mtu Mmoja

Enzi hizo nilikuwa mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko cheo. Sikukuu ya Idi ilipokaribia, nilimwita Bi Mwanaharusi, msimamizi wa programu yetu ya kupangia kazi.

"Nipe mamlaka humo," nilimwambia. "Kazi za baada ya Idi nataka nizisogeze ziangukie Idi yenyewe. Mmezoea kula pilau tu."

"Hakuna shida, bosi. Nikuingize kundi la wanaobadilisha tarehe? Tumo mimi, Msellem wa stoo na dereva."

"Mimi na dereva kundi moja?"

"Nisamehe. Basi nikuundie lako peke yako, juu ya yote. Tuliite Wakubwa."

Nilijikuta natabasamu. "Na humo nitakuwa na uwezo gani?"

"Utaona kila kitu, bosi. Hakuna wa kukuficha."

Nikamsimamia mpaka akamaliza, tena nikaagiza jina langu liandikwe kwa herufi kubwa.

Kesho yake jioni nilifungua programu nizisogeze kazi. Nilitafuta kitufe cha tarehe mpaka miwani ikaingia ukungu, nikampigia simu.

"Mbona kitufe hakipo?"

"Wakubwa huangalia tu, bosi. Kubonyeza ni kazi yetu sisi na dereva."

"Basi nihamishie kwa dereva, haraka."

"Ningekuhamisha, lakini sote tumeshaondoka likizo. Hebu angalia humo."

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa naona kila kitu.