Foleni ya Bi Mwantumu

Mwaka ambao hata ofisi kubwa za Muheza zilianza kuandika pande zote mbili za karatasi, Bi Mwantumu hakufunga duka lake la vifaa vya ofisi. Aliuza karatasi moja moja na kukodisha kalamu kwa nusu saa.

Mwenye nyumba, Bwana Shekilindi, akaja kumfukuza.

"Humu hata nzi haingii! Kesho uhame, nimpangishe muuza soda."

"Na ukikuta foleni kesho asubuhi, baba?"

"Foleni? Hapa?" Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ikifika barabarani, mwaka mzima simfukuzi mpangaji wangu yeyote! Nyote mtakaa!"

"Maneno makubwa hayo. Utayaandika?"

"Lete karatasi!"

Bi Mwantumu akamuuzia karatasi moja, akamkodishia kalamu. Bwana Shekilindi akaandika, akatia saini, akagonga muhuri, akamwachia barua na kuondoka akicheka.

Asubuhi alishindwa hata kuufikia mlango. Foleni ilianzia kwenye mashine ya kutoa kopi, ikatoka nje, ikalizunguka genge la nyanya, ikafika barabarani.

"Bi Mwantumu! Umewaloga watu hawa?"

"Hata kidogo, baba. Hebu watazame vizuri."

Akawatazama. Wote walikuwa wapangaji wake.

"Wanataka nini?"

"Kopi ya barua yako, kila mmoja ya kwake. Na kalamu yangu, baba, uliondoka nayo jana. Nusu saa imekwisha zamani."