Viatu vya Magesa

Hapo zamani, si zamani sana, maana watu walishaanza kupanda boti kwenda kutalii, Nyabwire na mumewe Magesa walikwenda kula Pasaka katika kisiwa cha majabali kisichoishiwa mvua. Nyabwire alikuwa na mimba ya miezi minane. Rafiki yao Mafuru alifuatana nao.

Jabali kubwa la kisiwa hicho halikanyagwi kwa viatu. Wageni waliviacha chini, Bi Nyangeta akavilinda. Viatu vikiisha, alijua juu hakuna mtu.

Nyabwire alibaki botini na tumbo lake. Mara mvua ikamwagika. Wageni wakashuka mbio, kila mtu na viatu vyake. Mafuru aliviona vya Magesa vinalowa, akavibeba kwa wema tu, akidhani mwenyewe ametangulia.

Nahodha Wanjara akawasha injini. Nyabwire akahesabu vichwa mara mbili.

"Mume wangu hayumo."

"Viatu vimekwisha, mama," nahodha akamjibu.

Bi Nyangeta, aliyekuja kuwaaga, akaitazama mikono ya Mafuru. "Wewe umevaa viatu, na vingine umeshika. Miguu ya mwenyewe iko wapi?"

Mafuru akavitupa, akarudi mbio jabalini. Mawimbi yakaibamiza boti, abiria wakamtukana nahodha aondoke, naye akakataa. Nyabwire aliogopa, aliogopa hasa, kwamba atazaa akiwa mjane. Ilipita saa nzima. Ndipo Mafuru akatokea na Magesa mgongoni, mguu umevunjika. Alimkuta amekwama katika ufa, maji yamemfika kifuani.

Mtoto alipozaliwa, Magesa alitaka apewe jina la aliyemwokoa. Wakaja wote watatu.

"Nilimbeba mimi," akasema Mafuru.

"Ungepanda kumtafuta nani, kama nisingekuuliza?" akasema Bi Nyangeta.

"Na hospitali angefika kwa kuogelea?" akasema Wanjara.

"Mimi naona Mafuru," akasema Magesa. Habari ya viatu hakuna aliyethubutu kumwambia.

Lakini kwao jina hutamkwa na mama. Nyabwire akampakata mwanawe. Bila Mafuru, mumewe asingesahaulika. Bila Mafuru, asingerudi. Na jina atakalolitamka ataliita kila asubuhi, maisha yake yote.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazamane. Nyabwire atamke jina la nani? Je, nani alistahili?