Fundo la Kanga Kuukuu

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyeishi mtaa wa juu, kilimani. Binti yake aliolewa mtaa wa bondeni, na mtaro mmoja ulipita kwao wote wawili. Binti alikuwa amejifungua, kitovu cha mtoto hata hakijakatika. Kila asubuhi mama alishuka na chupa ya uji wa pilipili manga ampelekee mzazi. Na yule mjukuu alimpenda jamani, alimwita "mume wangu".

Sasa, mama huyu alikuwa na desturi yake. Takataka alizijaza kwenye kiroba, akafunga mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu, akakiweka uani kisubiri. Kinasubiri nini? Msijifanye hamjui. Kinasubiri mvua.

Siku moja wingu likatanda, mvua ikashuka. Mama akaacha uji jikoni, akakisukumia kiroba mtaroni. Jirani akamwona.

"Shoga, na walioko bondeni je?"

"Bondeni wameshazoea maji," akajibu, akarudi kukoroga uji wake.

Mvua ilipopungua akateremka na chupa yake. Akamkuta binti amesimama juu ya kitanda, mtoto kifuani, maji yamefika magotini mwa mtu mzima. Godoro limelowa, nepi zinaelea.

"Mama, mpokee," binti akasema. "Mikono imeishiwa nguvu."

Mama akampokea. Mtoto alikuwa wa baridi, halii. Akafungua blauzi yake, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, huku akimwita, "Mume wangu, mume wangu, amka." Hapo machozi yanamtoka.

Mkwewe akaingia ameloa chapachapa, anaburuta kitu. "Shikamoo mama," akasema kwa adabu. "Hiki ndicho kilichoziba pale kwenye kalavati. Nimekitoa, maji yanaanza kushuka."

Kilikuwa kiroba. Mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga.

Binti akaitazama ile kanga. Aliijua. Ndiyo aliyobebewa mgongoni alipokuwa mdogo. Akamtazama mama yake, kisha akainamisha macho.

"Mama," akasema taratibu, "endelea kumpa joto mtoto."

Na mtoto akalia. Bibi yake akalia zaidi yake.

Ndugu zangu, nani alileta mafuriko nyumba ile? Tukifikiwa na maji tunasema ni kazi ya Mungu. Mungu alileta mvua. Lile fundo tulilifunga sisi.

Jumamosi njooni na majembe na makoleo, tuzibue mtaro huu wa nyuma ya kanisa kabla masika hayajaingia. Mimi nitawatangulia. Na wewe uliyeacha kiroba uani asubuhi hii, unachungulia mawingu dirishani hata sasa ninapohubiri, sikutaji jina, nakupenda. Ukirudi nyumbani kipeleke jalalani kwa mikono yako. Bondeni kuna mtoto, na huyo mtoto ni wako.