Chatu Aliyemeza Maneno Matamu

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mdomo?

Ukanena!

Palikuwa na sikio?

Likategwa!

Palikuwa na tumbo?

Likajaa kisicho chake!

Basi sogeeni. Aliye karibu na mlango aufunge nusu, hadithi isije ikatoka kabla sijaimaliza.

Palikuwa na msitu mmoja ulioitwa Kindunda. Ulikuwa msitu wa mivule na mikwaju, majani yake yameanguka miaka na miaka hata ukikanyaga unazama mpaka kwenye kifundo cha mguu. Humo aliishi Sange. Kwa msiomjua, Sange ni mnyama mdogo, amempita panya kidogo tu, pua yake ndefu kama mkonga uliosahau kukua, na miguu yake myembamba haijui kutulia. Akiwaza jambo huupiga mguu chini: tip-tip-tip. Aliishi chini ya gogo na mama yake, ambaye alikuwa mzee, macho yameingia ukungu.

Sasa, wanyama wa Kindunda walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alikuwa na neno alipendalo kuliko yote, na hakulipenda kwa maana yake. Alilipenda kwa jinsi linavyolia.

Nyani alipenda kungumanga. Hakuwahi kuiona kungumanga maishani mwake, wala hakujua kama ni kitu cha kula au ni jina la mtu. Lakini alikaa juu ya tawi akilizungusha mdomoni kama kokwa la tende, kungu-manga, kungu-manga, na kitambi kikimtikisika kwa raha. Ngiri alipenda tepetepe. Alilisema akiwa amelala matopeni, te-pe-te-pe, midomo ikigongana. Kobe alipenda gubigubi, na alilisema kichwa kikiwa ndani ya gamba ili livume humo kama ndani ya mtungi. Mama Sange alipenda manyunyu. Hilo ndilo alilombembelezea mwanawe tangu akiwa kichanga. Ma-nyu-nyu, alisema, kwa pumzi tu, polepole, na Sange alihisi matone yanamtua puani moja moja mpaka usingizi ukamchukua.

Hivyo ndivyo Kindunda ulivyokuwa. Ukipita mchana ulisikia maneno yanalizwa huku na huku, kila mtu na lake, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu.

Wa kwanza kunyamaza alikuwa Nyani.

Ilikuwa saa ya jua la utosi, ile saa ambayo kivuli chako kinajificha chini ya miguu yako. Nyani alikuwa kwenye tawi la chini akilizungusha neno lake. Mara sauti laini ikatoka kwenye majani makavu.

"Neno tamu hilo. Hebu lirudie, nisikie vizuri."

Nyani alifurahi, maana hakuna aliyewahi kumwomba alirudie. Akainama, akalirudia kwa madaha. Fyup! Neno likamtoka mdomoni kama uzi unaovutwa. Akabaki kinywa wazi. Alipojaribu kulisema tena, ukatoka upepo mtupu.

Ingekuwa limepotea moja tu, angevumilia. Lakini lile neno lilikuwa kama fundo la ushanga, na fundo likishakatika, shanga hazingoji. Kesho yake Nyani alipoteza tawi. Jioni akapoteza ndizi. Siku ya tatu walimwita kwa jina lake asigeuke. Alikaa kwenye shina la mti akiitazama mikono yake, kama vile amepewa ya mtu mwingine.

Halafu Ngiri. Saa ile ile, sauti ile ile. Neno tamu hilo, hebu lirudie, nisikie vizuri. Akalirudia. Fyup!

Halafu Kobe. Saa ile ile, sauti ile ile. Neno tamu hilo, hebu lirudie, nisikie vizuri. Akalirudia, tena alitoa kichwa nje ya gamba ili asikike sawasawa. Fyup!

Wote watatu walionyamaza hawakuweza kueleza kilichowapata. Wangeeleza kwa maneno gani?

Sange aliujua ukweli siku ulipomfikia mwenyewe. Alikuwa ametoka kutafuta mchwa, amewabeba mdomoni, anarudi kwa mama yake. Kwa mbali alimsikia mama anasema neno lake, kisha akasikia sauti laini ikimsifu. Sange akawatema mchwa, akakimbia. Alifika mama ameshalirudia. Alimkuta kwenye mlango wa gogo, kinywa wazi, mkono mmoja shavuni.

Kando yake majani yalikuwa yanatembea. Yaliinuka na kushuka kwa mstari mrefu, na chini yake palipita kitu kinene kama shina la mvule. Kilipita, kikapita, na bado kikawa kinapita. Alikuwa Chatu. Na katika tumbo la Chatu, Sange alimsikia mama yake.

"Manyunyu," lilisema tumbo.

Ilikuwa sauti ya mama hasa, ila haikuwa na pumzi ndani yake. Kisha sauti ya Nyani ikasema kungumanga. Ya Ngiri ikasema tepetepe. Ya Kobe ikasema gubigubi. Na nyuma ya hizo palikuwa na sauti nyingine, nyingi, ndogo, ambazo Sange hakuzitambua. Zilinong'onezana humo gizani huku Chatu akienda zake, mpaka majani yakatulia.

Usiku ule hakukuwa na manyunyu. Sange alijilaza kifuani pa mama, na mama akapuliza upepo puani pake, fff, fff, akilitafuta neno. Asubuhi alikuwa amepoteza mchwa. Mchana akapoteza gogo. Siku ya pili alimtazama Sange kwa muda mrefu, midomo ikicheza, na Sange akajua kuwa sasa linalotafutwa ni jina lake. Lilipatikana mwishowe, lakini lilipatikana kwa shida, nusu nusu. Kesho lisingepatikana.

Sange akatoka nje, maana hakutaka kulia mbele ya mama. Akaenda mpaka kwenye matope ya Ngiri. Maskini Ngiri alikuwa anakula viazi vikuu kwa pupa, kama mtu ambaye hana jambo jingine lililobaki duniani, na kwa ile pupa kwikwi ikamshika. Kwi! Mwili mzima ukaruka. Kwi! Kipande cha kiazi kikaruka nje. Kwi! Kingine kikafuata.

Sange akasimama. Ngiri hakuwa na neno hata moja kinywani, lakini kwikwi ilikuwa naye. Haikusemwa, ilikuja yenyewe. Na kila ilipokuja ilitupa nje kilichokuwa ndani.

Tip-tip-tip, mguu wa Sange ukapiga chini. Tip-tip-tip.

Lakini Chatu hakuwa mjinga. Alimeza maneno yaliyopendwa tu, kwa sababu hayo ndiyo yenye utamu. Neno lisilopendwa lingempita puani kama moshi. Kwa hiyo Sange alilazimika kulipenda kwikwi, tena kulipenda kweli, na siku ilikuwa moja. Akaenda nalo njiani akilisema chini chini. Kwikwi. Mwanzoni aliliona neno kavu. Akalikata, kwi, kwi. Akaliunga. Akagundua kwamba linaanzia kwenye koo na kumalizikia kwenye meno, na kwamba ukilisema haraka linakutekenya kaakaa. Kwikwi-kwikwi. Alipofika kwenye mkwaju mkubwa alikuwa anacheka peke yake, pamoja na huzuni yake yote. Hapo akajua kuwa yuko tayari.

Jua lilikuwa utosini. Ndege walikuwa kimya. Majani yalikuwa yametulia kupita kiasi.

"Shikamoo, Mzee Chatu," alisema Sange.

Kichwa kikachomoza kwenye majani, polepole, kikubwa kuliko Sange mzima. "Marahaba, mjukuu wangu. Una nini mdomoni?"

Sange akajibu kwamba hana kitu. Chatu akasema anakisikia harufu. Sange akakiri kuwa ni kineno kidogo tu cha watoto, hakiwafai wakubwa, akaomba apishwe aende zake kwa mama. Chatu akauzungusha mwili wake kuuzunguka mkwaju, na njia ya mbele ikafungika, na njia ya nyuma ikafungika.

"Liseme."

Sange akampa mgongo, kama mtu anayekula huku anaficha sahani, akalisema kwa sauti ya chini. Kwikwi.

Ulimi wa Chatu ukatoka, ukarudi. "Neno tamu hilo. Hebu lirudie, nisikie vizuri."

"Nikilirudia utalimeza."

"Nitalimeza."

"Basi uliza kwanza maana yake, Mzee."

Chatu akacheka, na ndani ya kicheko chake zilisikika sauti za watu wengine. Akasema kwamba ameishi miaka mingi na hajawahi kukiuliza chakula maana yake.

Sange akageuka. Akavuta pumzi, akalisema kwa mapenzi yote aliyoyakusanya njiani. Kwi-kwi.

Fyup!

Sange alihisi pengo mdomoni, kama pale jino linapong'oka na ulimi ukaenda kupachungulia. Akatazama juu, akaona vile vitu vya kijani vinavyoning'inia kwenye miti, na hakukumbuka vinaitwaje. Kumbe ndivyo inavyoanza. Chatu alikuwa amefumba macho kwa raha. Kutoka tumboni mwake Sange alisikia sauti yake yeye mwenyewe ikisema kwikwi, kavu, bila pumzi, na manyoya yakamsimama.

"Yapo mengine, mjukuu wangu," Chatu akasema. "Nayasikia harufu yote. Wewe kaa hapa hapa."

Sange akakaa. Angekwenda wapi? Akapoteza jina la mti. Akapoteza jina la jua. Akamshika mama akilini kwa nguvu zote, mama, mama, mama, ili neno hilo liwe la mwisho kumponyoka.

Ndipo mkunjo mmoja wa Chatu ukashtuka.

Kwi.

Chatu akafumbua macho. Hakuwahi kushikwa na kwikwi tangu atoke kwenye yai, hakuijua ni kitu gani. Akakaza mwili. Kwi! Taya zikaachana, na neno la Sange likaruka nje, likamrudia mdomoni likiwa la moto. Jani, alikumbuka Sange. Mti. Jua.

Kwi! Kungumanga likatoka, likapaa kwenye matawi. Kwi! Tepetepe. Kwi! Gubigubi likatoka likivuma. Chatu alijaribu kufunga mdomo, akajaribu kujifunga fundo shingoni, lakini kwikwi haiombi ruhusa. Kwi! Na hapo Sange akahisi tone puani, jepesi sana, na lingine, na neno la mama yake likampita likikimbilia nyumbani.

Sange hakungoja kuaga. Chatu alipoinuka kwa kwikwi, upenyo ukabaki chini ya tumbo lake, naye akapita hapo. Nyuma yake maneno yaliendelea kutoka, mengi, mengi, ya sauti asizozijua. Yote yalipokwisha kutoka, kwikwi yenyewe ilibaki, maana hiyo haina haja na neno. Chatu alijikokota mpaka kinamasini na huko ndiko anakokaa. Akimvizia mtu, kwi, mtu anasikia na kukimbia. Imebidi arudi kula vyura.

Sange alipofika kwenye gogo alimkuta mama amesimama nje.

"Sange," mama akamwita, jina zima, halikukatika popote. "Manyunyu."

Wakashikana. Msituni kote maneno yalikuwa yanatua kwa wenyewe. Nyani alikuwa analia na kusema kungumanga kwa wakati mmoja, Ngiri alikuwa amerudi matopeni. Lakini yale maneno mengine, yale ya sauti zisizojulikana, yalikuwa yanazunguka hewani bila kutua. Wenyewe walikufa zamani. Watu walidhani kwamba walinyamaza kwa uzee.

Moja likashuka mpaka mlangoni pao. Lilikuwa neno refu la zamani, limesemwa na sauti ya ajuza, sauti iliyochoka lakini yenye kucheza.

"Lelemama," lilisema.

Mama Sange akamwambia mwanawe, taratibu, kwamba hiyo ni sauti ya bibi yake yeye mwenyewe. Alimwona miaka yake ya mwisho akikaa pale pale mlangoni, kinywa wazi, asimjue mtu, na yeye alimkasirikia akidhani kuwa hataki kusema naye.

Neno lilizunguka gogo mara mbili. Lilitafuta mdomo uliokuwepo zamani, halikuuona. Mama Sange akainua uso wake wenye macho ya ukungu, akafumbua kinywa, akangoja. Likasita. Kisha likaingia.

Tangu siku hiyo yeye ana maneno mawili, na la pili hulisema kwa sauti isiyo yake.

Hapo ndipo kamba yangu ilipoishia. Ukiikuta hadithi hii njiani ikizunguka, ipe mdomo, usiniletee mimi.

Na fundisho? Fundisho ni hili, watoto wangu: mkubwa akikuomba kitu, mpe upesi, wala usimchoshe kwa maelezo; kwikwi itamweleza.